Mbwa wa Mapipa ana majina matatu, hana mwenyewe

Saa nane za usiku, mabasi ya mwendokasi yakishalala, Barabara ya Morogoro hapa Dar es Salaam, kuanzia Jangwani hadi Mwembechai, huwa ya mbwa. Wanapanda kutoka bonde la Msimbazi wakifuata harufu ya mabucha, majaa na masufuria ya mama ntilie. Wengine wanakata kwenda Kariakoo, ambako soko huacha kila usiku makombo ya kulisha kijiji kizima. Adhana ya alfajiri ikiita, wameshatawanyika. Mchana utawaona wachache tu, wamejilaza chini ya meza za chipsi au kwenye kivuli cha bajaji iliyoegeshwa, na hao ndio ninaotaka kuwazungumzia wiki hii, maana nimechoshwa na namna mbili tunazowazungumzia.

Namna ya kwanza ni ya tangazo. Inapita gari yenye spika: mwenye mbwa amfunge, atakayekutwa anazurura atapigwa risasi. Kila Mtanzania aliyekulia mjini ameshalisikia. Namna ya pili imeletwa na simu za mkononi: video ya mbwa mwenye upele, mbavu nje, anayeokotwa na mtu mwenye huruma, anaogeshwa, anapewa dawa, na baada ya wiki chache yuko kwenye sofa jeupe, manyoya yanang'aa, amevalishwa hadi skafu. Video hizi zinaliza watu. Mimi huzitazama mpaka mwisho. Lakini ukishazima simu ukainua macho, uangalie nyumba unayoishi pale Magomeni, swali linakuja lenyewe: sofa la nani?

Maana nyumba ya Magomeni tunaijua. Vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, uani choo kimoja, bomba moja, majiko ya mkaa yamepangwa ukutani na kamba za nguo zimekatizana juu. Kila chumba na mpangaji wake, kila mpangaji na watoto wake, na mwenye nyumba anakaa Mbagala, anakuja mwisho wa mwezi. Humo ndani yumo anayeswali mara tano, yumo anayeogopa mbwa tangu utotoni, yumo anayelea kichanga, na yumo mmoja, labda wewe, ambaye moyo wake umelainika kwa mbwa aliyemwona pale kituo cha Usalama. Huyo mmoja hana haki ya kuingiza mnyama kwenye uani wa watu sita. Na kule Magomeni Kota, ambako maghorofa mapya yalizinduliwa Machi 2022, uani wenyewe haupo. Kumwokoa mbwa kwa kumtoa mtaani na kumweka nyumbani ni jambo la watu wenye geti. Wako Watanzania wenye geti, na wanaofanya hivyo nawapongeza, ila mbwa wa Magomeni hawezi kusubiri hadi sote tuhamie Mbezi.

Ninachosema ni hiki: mbwa wa kwetu aokolewe akiwa palepale mtaani, na mwokozi wake awe mtaa.

Pale Magomeni Mapipa, nyuma ya mabucha, kuna jike moja la rangi ya kahawia, sikio la kushoto limechanika. Vijana wa bucha wanamwita Simba, na ukiwakumbusha kwamba ni jike wanacheka. Watoto wanaotoka madrasa wanamwita Popi, kwa mbali, huku wameshika kanzu zao zisimguse. Mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi anamwita Koplo, maana ndiye anayelinda naye zamu ya usiku, na kwa maoni ya mlinzi huyo Koplo ndiye anayefanya sehemu kubwa ya kazi. Anakula vizuri kuliko mbwa wengi wa uzunguni: mapupu na vipande vya utumbo kutoka bucha, vichwa vya vibua kutoka kwa muuza samaki wa jioni, na ukoko wa ugali kutoka kwa mama anayekaanga mihogo. Kwa chakula hana shida.

Msimu mmoja wa mvua akashikwa na upele. Manyoya yalipukutika mgongoni, ngozi ikawa kama ya kifaru, akawa anajikuna usiku kucha hadi damu. Dawa ya kwanza iliyopendekezwa kijiweni ilikuwa ile inayopendekezwa kila kijiwe cha nchi hii: oili chafu. Mmwagie oili ya gari, upele unakufa. Upele unaweza kufa kweli, na mbwa pia. Oili hiyo ina sumu, inapenya kwenye ngozi yenye vidonda, na inayobaki mwilini anailamba akimeza. Mama wa mihogo ndiye aliyewazuia vijana, kwa lugha ambayo gazeti hili haliwezi kuichapa. Tukachanga. Akaja bwana mifugo, akamchoma ivermectin, dawa ileile wanayochomwa ng'ombe na mbuzi, kwa kipimo cha uzito wake, akasema atarudi kumrudia sindano, na akarudi. Akampa na ya minyoo. Kisha akatoa chanjo ya kichaa cha mbwa, akafungua kadi, akauliza swali la kawaida kabisa la kazi yake: niandike mwenye mbwa ni nani?

Sijawahi kuona kijiwe cha Mapipa kikiwa kimya namna ile. Vijana wa bucha walimtazama mlinzi. Mlinzi akasema yeye ni mwajiriwa tu. Muuza samaki akakumbuka ana ndoo ya kuosha. Mwishowe kadi iliandikwa jina la bucha, na mwenye bucha akatuambia peupe, mbele ya bwana mifugo, kwamba siku mbwa yule akimng'ata mtu, yeye hamjui.

Hapo ndipo lilipo tatizo lote, na si la Mapipa peke yake. Watafiti waliohesabu mbwa katika miji na vijiji vya Afrika wamekuta jambo lilelile: wengi wa mbwa tunaowaita koko wana watu. Kuna mlango wanaolala mbele yake, kuna mkono unaowalisha. Asiyekuwepo ni mtu wa kusimama siku ya lawama. Kampeni za chanjo zetu zimejengwa juu ya mtu huyo asiyekuwepo. Tangazo linatolewa, meza inawekwa kwenye ofisi ya kata au uwanja wa shule, na watu wanaombwa kuleta mbwa wao. Kijijini wanaletwa, mara nyingi na watoto, wamefungwa kamba ya katani au waya wa umeme. Magomeni nani atamburuta Simba-Popi-Koplo hadi ofisi ya kata, huku wote watatu wanaomlisha wameapa kwamba si wao?

Najua yupo msomaji ameshaanza kusema: mwandishi huyu anasahau kwamba Magomeni ni mtaa wa Waislamu wengi. Sijasahau. Kwa fikihi ya Imamu Shafi, inayofuatwa na wengi katika pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wapo wanazuoni wa Kimaliki wenye mtazamo mwingine, lakini sisi si Wamaliki, na sitaki kumfundisha mtu dini yake gazetini. Nasema tu kwamba dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Imemtaja mbwa aliyewalinda vijana wa pangoni katika Suratul-Kahf. Na kila mtoto wa madrasa ameshasimuliwa habari ya yule mtu aliyekuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno akapanda nacho, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Tazama alichofanya na asichofanya. Hakumpeleka nyumbani. Hakumlaza kitandani. Alimkuta njiani, akaondoa kiu yake palepale, akaenda zake. Watoto wale wanaoshika kanzu zao wasiguswe na Popi hawamkosei Popi hata kidogo. Anayemkosea ni anayempiga jiwe. Kwa hiyo ninapotaka mbwa ahudumiwe nje, mtaani, bila kuvuka kizingiti cha mtu, naona niko karibu zaidi na desturi ya pwani kuliko zile video za sofa jeupe.

Tuje kwenye kifo, maana bila hicho makala hii ingekuwa ya kupoteza muda wa Jumapili tu.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni jambo ambalo karibu halijawahi kutokea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na wanne kati ya kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo vinavyokaribia 1,500 kwa mwaka, wingi wao wakiwa hawamo kwenye takwimu za hospitali, kwa sababu mgonjwa amefia nyumbani au ameandikiwa ugonjwa mwingine. Na kinga ipo tangu Julai 1885, chanjo ya Louis Pasteur ilipotumika kwa mtoto Joseph Meister aliyekuwa ameng'atwa huko Alsace. Aliyeng'atwa leo anatakiwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, si kupaka pilipili wala majivu, kisha aende hospitali siku hiyohiyo aanze sindano.

Sindano hizo ni kadhaa, kwa tarehe maalumu, na kwa familia nyingi za Magomeni ni pesa ya kodi ya chumba. Sasa fikiria mambo mawili. Mtoto ameng'atwa na mbwa anayejulikana, mwenye kadi ya chanjo, anayelala palepale kila siku. Mbwa huyo anafuatiliwa siku 10. Kama wakati anang'ata alikuwa na virusi kwenye mate, ndani ya siku hizo ataugua au atakufa. Akibaki mzima, daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki, na mama wa mtoto anapata usingizi. Jambo la pili: mtoto ameng'atwa, kijiwe kimefura, mbwa ameuawa kwa mawe na matofali, kichwa kimesagwa, mzoga umetupwa Msimbazi. Hakuna wa kufuatilia, na hata ubongo ambao ungepelekwa maabara ya mifugo kule Temeke ukapimwa haupo. Mtoto atamaliza dozi yote, na kama pesa hakuna, mzazi atacheza bahati nasibu. Hasira ya kijiwe imemgharimu mtoto kuliko meno ya mbwa.

Risasi ya halmashauri ina kasoro ileile, kwa kiwango kikubwa zaidi. Anayepigwa si mbwa mwenye kichaa anayekimbia ovyo usiku. Anapigwa yule mpole, aliyezoea watu, anayetikisa mkia bunduki ikielekezwa kwake, na huenda ndiye aliyechanjwa. Nafasi yake haikai wazi. Maadamu jaa lipo na bucha lipo, wiki chache baadaye wanapanda wengine kutoka bondeni, wasiochanjwa, wasiojulikana na mtu. Jike mmoja anabeba mimba kwa siku 63 na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Bunduki haitashinda mbio hizo. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipoingiliwa na kichaa mwaka 1997, mbwa waliuawa kwa wingi wa kutisha, na ugonjwa ukabaki. Istanbul ilifanya ukatili mkubwa zaidi. Huko mbwa walikuwa wa mitaa kwa karne nyingi, wanalishwa na kunyweshwa na Waislamu wa kila mtaa bila kuingizwa ndani, hadi mwaka 1910 wakuu wa mji walipotaka mji ufanane na miji ya Ulaya. Waliwakusanya mbwa kwa makumi ya maelfu, wakawapeleka kwenye kisiwa kikavu cha Sivriada, wafe njaa na kiu. Mbwa walirudi Istanbul, bila shaka. Mwaka 2024 bunge la Uturuki lilikuwa bado linapitisha sheria ya kuwakusanya.

Sasa Pemba. Kisiwa ambacho wakazi wake karibu wote ni Waislamu, mbwa si wengi, na hakuna anayewapangia sofa. Kampeni za kuwachanja zilianza mwanzoni mwa miaka ya 2010, chini ya mradi mkubwa uliogusa pia mikoa ya kusini mashariki mwa bara, na kufikia 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Chanjo ikalegea. Mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena, watu wakang'atwa, chanjo ikarudi, na kufikia 2018 ukakatika mara ya pili. Sijui mfano ulio bora kuliko huo, kwa sababu ni wetu, ni wa Waswahili, na una kosa lake ndani yake: walipoacha kuchanja, waliona. Wataalamu wanataka walau mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe, na kampeni irudiwe kila mwaka, maana mbwa wa kwetu hawaishi sana na watoto wapya hawakomi kuzaliwa. Na si lengo la ajabu. Utafiti uliofanywa Serengeti na Ngorongoro ulionyesha kuwa mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa kati ya mmoja na wawili tu. Ugonjwa unaoua namna ile, kumbe kwa kusambaa ni dhaifu. Dk. Magai Kaare na wenzake, katika kazi iliyochapishwa 2009, walikokotoa kwamba katika vijiji vya wakulima na wafugaji kandokando ya Serengeti kumchanja mbwa mmoja hakufiki dola 2. Mjini itakuwa zaidi, nakubali. Haitafika bei ya sindano za binadamu mmoja.

Kwa hiyo nataka nini Magomeni? Nataka serikali ya mtaa iwe na ukurasa wa mbwa kwenye daftari lake, kama ilivyo na ukurasa wa wapangaji. Rangi, jinsia, analala wapi, jina au majina. Mahali pa mwenye mbwa paandikwe mtaa, si bucha, ili swali la bwana mifugo lipate jibu na mtu asiogope kumlisha mnyama kwa kuhofia kesi. Bwana mifugo aje mtaani saa ya jioni, mabucha yanapofunga na mbwa wamekusanyika wenyewe, badala ya kuwasubiri ofisi ya kata saa nne asubuhi. Aliyechanjwa afungwe mkanda wa rangi shingoni, mama aliye mbali aone kwamba huyu ameshapita. Majike yafungwe kizazi, madume yahasiwe, warudishwe palepale walipotolewa. Bhutan ilitangaza mwaka 2023 kwamba imewafunga kizazi na kuwachanja mbwa wote wa mitaani nchi nzima; sisi tuanze na Mapipa. Wapo wa kushirikiana nao: TAWESO, shirika la ustawi wa wanyama lililoko hapa Dar es Salaam, linafanya kazi za namna hii, na chuo cha Sokoine pale Morogoro kinatoa madaktari wa mifugo kila mwaka, baadhi yao wanatafuta kazi. Sheria nayo ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inakataza ukatili kwa mnyama, na sikumbuki kusoma kipengele kinachomtoa mnyama mwenye upele.

Pesa itoke wapi? Hapa nitaudhi watu. Kila kaya inalipa ada ya taka. Mbwa wa Magomeni wanakula taka ambayo imelipiwa na haijazolewa. Wingi wao ni kipimo cha kazi ya mkandarasi. Sehemu ndogo ya ada hiyo iende kwenye chanjo, na taka nyingine izolewe kwa wakati, halafu tutazame mwaka wa pili wamebaki mbwa wangapi.

Ataibuka mtu aseme watoto wanakosa madawati na wewe unalilia mbwa. Hoja hiyo naiheshimu, na mtaani kwetu ina uzito, maana wapo wanaolala na njaa karibu na mbwa aliyeshiba utumbo. Lakini chanjo ya mbwa haimpi mbwa chochote anachokijua. Yeye anaona sindano tu. Anayefaidika ni mtoto anayekatiza uchochoro saa kumi na moja alfajiri kwenda shule.

Nimeshapeleka hoja hii kwa mwenyekiti wetu wa mtaa. Hakukataa. Alisema itaingizwa kwenye mkutano unaokuja, katika mengineyo, baada ya mitaro, ulinzi shirikishi na taarifa ya mapato na matumizi. Kwa wasiohudhuria mikutano ya mtaa: mengineyo hufikiwa wakati viti vimeshaanza kukunjwa na mwenyekiti anatafuta wa kufunga kwa dua. Nimemwomba iwe ya kwanza, kabla ya mitaro. Anafikiria.